Bakhshishi na rushwa: mpaka uko wapi?

Katika safari moja afisa wa mpakani aliniomba "bakhshishi" kabla ya kuigongea muhuri pasi yangu. Nilitoa, na hadi leo nafsi yanisuta.

Desturi hutofautiana. Marekani, tangu mwaka 1991 sheria ya shirikisho yamruhusu tajiri kumlipa mhudumu wa mgahawa dola 2.13 kwa saa, bakhshishi ikijazia kima cha chini. Kumnyima ni kumpunja. Japani haina mazoea hayo. Ukiacha pesa mezani, mhudumu huenda akakufuata akurudishie.

Ama afisa, huyo ameshika amana ya umma. Mtume (s.a.w.) alimkemea Ibn al-Lutbiyya, mkusanya zaka aliyejiwekea zawadi: lau angekaa nyumbani kwa wazazi wake, angeletewa? Hicho ndicho kipimo. Mhudumu mpe kwa hiari. Mwenye muhuri usimpe.

Wallahu a'lam.