Kupima Impidansi ya Antena: Mwongozo wa Redio ya Ridhaa kwa Masoko na Wilaya ya Rungwe

Impidansi ya antena ni kizuizi ambacho mkondo wa masafa ya redio hukutana nacho pale kebo inapoungana na antena. Hupimwa kwa ohmu na ina sehemu mbili. Ya kwanza ni ukinzani. Nguvu inayoingia humo hairudi tena: ama imekwenda hewani ikiwa wimbi, ama imepotea ikiwa joto katika waya, ardhi na miti ya jirani. Ya pili ni reaktansi, nayo inahusu nguvu inayokaa kwa kitambo kifupi kando ya antena kisha ikarudi ilikotoka. Antena iliyo ndefu kidogo kuliko inavyotakiwa huwa na tabia ya koili, na reaktansi yake ni chanya. Iliyo fupi kidogo hufanana na kapasita, na reaktansi yake ni hasi. Reaktansi ikifika sifuri, antena iko kwenye resonansi.

Masoko iko kusini-mashariki mwa Tukuyu, kando ya ziwa la kreta, kwenye mteremko unaoshuka kuelekea Kyela na Ziwa Nyasa. Kaskazini umesimama Mlima Rungwe, wenye kimo cha karibu mita 2,960. Mawimbi ya megahezi 144 hadi 146 husafiri karibu kwa mstari mnyoofu, hivyo milima huyakatia njia ya kwenda Mbeya. Dar es Salaam nayo iko zaidi ya kilomita 600. Kwa safari ya namna hiyo inayofaa mchana ni bendi ya mita 40, yaani megahezi 7.0 hadi 7.2: wimbi hupanda juu kwa pembe kali, hugonga ionosfea, kisha hushuka mbali nyuma ya milima. Anayerusha mawimbi katika bendi hiyo lazima awe na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, na alama ya wito ya vituo vya nchi huanza na 5H.

Antena rahisi kuliko zote kwa bendi hii ni dipoli: mikono miwili ya waya inayolishwa katikati. Nusu ya urefu wa wimbi kwa megahezi 7.1 ni mita 21.1. Waya halisi hupunguzwa kwa takriban asilimia 5, ukabaki karibu mita 20.1 kutoka ncha hadi ncha. Dipoli iliyo mbali na kila kitu ina ukinzani wa ohmu zipatazo 70 kwenye resonansi. Dipoli ya kijijini haiko mbali na kitu. Ikitundikwa mita 10 juu ya ardhi, ukinzani unaweza kuzidi ohmu 80. Ikishushwa hadi mita 4, ule ukinzani unaotoa mawimbi hushuka chini ya ohmu 30, lakini ardhi huongeza ohmu zake za upotevu, na jumla inaweza kukaribia 50. Mwenye kituo hufurahia namba hiyo ilhali sehemu kubwa ya nguvu yake inapasha udongo joto. Ndiyo maana kimo cha antena kinastahili kuandikwa pamoja na kila kipimo.

Vipimo vya kawaida huonyesha SWR, uwiano unaoeleza ni kiasi gani cha nguvu kinarudi. Kwa kebo ya ohmu 50, antena ya ohmu 100 bila reaktansi hutoa SWR ya 2, na asilimia 11 ya nguvu hurudishwa. Namba hiyo moja haielezi sababu. Antena ya ohmu 25 nayo hutoa 2. Baya zaidi ni kusoma ukubwa wa impidansi pekee. Antena yenye ukinzani wa 30 na reaktansi ya 40 ina ukubwa wa ohmu 50 kamili, na bado SWR yake ni 3, robo nzima ya nguvu ikirudi. Kwa hiyo kifaa kinachofaa ni kichanganuzi cha antena kinachotenganisha ukinzani na reaktansi, pamoja na alama ya chanya au hasi.

Kabla ya kupima, kichanganuzi husawazishwa kwa vifaa vitatu: mwisho ulio wazi, mwisho uliofungwa kwa shoti, na mzigo wa ohmu 50. Hapa ndipo makosa mengi huzaliwa, kwa sababu kebo hubadilisha impidansi njiani. Robo ya wimbi ya kebo ya ohmu 50 hugeuza ohmu 100 kuwa 25. Nusu ya wimbi huirudisha ilivyokuwa. Kwa kebo ya RG-58 katika megahezi 7.1, hiyo ni karibu mita 13.9. Dawa ni kusawazishia kwenye ncha ya kebo inayokwenda kwenye antena, wala si mezani.

Dipoli ya mita 21 ikionyesha resonansi kwenye megahezi 6.8, urefu unaotakiwa ni 21 mara 6.8 gawanya kwa 7.1, yaani mita 20.1. Kila mkono hupunguzwa sentimita 44 hivi. Ni bora ncha zikunjwe na kufungwa juu ya waya wenyewe kuliko kukatwa, maana waya uliokatwa haurefuki. Namba zikibadilika mtu anaposhika kebo, mkondo unapita nje ya kebo. Mizunguko kadhaa ya kebo hiyo karibu na antena huuzuia.

Mvua za Rungwe ni nyingi. Mwanzi ni nguzo nzuri, lakini ukilowa si kihami cha kuaminika, na ncha za dipoli ndizo zenye volti kubwa. Kipande cha plastiki kiwekwe kati ya waya na kamba. Maji yakiingia kwenye konekta, kebo humeza nguvu, na SWR huonekana imepungua. Kebo inayopoteza nusu ya nguvu kila inapopitwa huonyesha SWR ya 3 hata pasipo antena yoyote upande wa pili. Kipimo kilichokuwa bora ghafla baada ya masika kichukuliwe kuwa dalili ya ubovu, na konekta zifunguliwe zikaguliwe. Ngurumo zikianza, kichanganuzi hutolewa kwenye antena mara moja, na kebo huondolewa kwenye redio.