"Come into Force" si "Kuja kwa Nguvu"

Ndugu msomaji, utawasikia wenzetu wakisema sheria "imekuja kwa nguvu". Lo! Kwani sheria ni jambazi avunjaye mlango? "Come into force" ni kuanza kutumika, basi. "Take effect" ni vilevile; "kuchukua athari" si Kiswahili. "With effect from" ni "kuanzia" tu. Nayo "with immediate effect", ipendwayo mno kwenye mbao za matangazo shuleni, ni "kuanzia sasa hivi".

Hasa tusichanganye kutangazwa na kuanza kutumika. Kwa Katiba ya 2010, kifungu cha 116, sheria ya Bunge huanza kutumika siku ya 14 baada ya kuchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, ila ikiwa yenyewe imetaja siku nyingine. Tazama pia marufuku ya mifuko ya plastiki: notisi ni ya tarehe 28 Februari 2017, lakini ilianza kutumika tarehe 28 Agosti. Mama mboga aliyefungia mteja sukuma wiki kwa mfuko huo mwezi Julai hakuwa na kosa. Mwezi Septemba, mfuko uleule ungemtia katika faini ya shilingi milioni 2 hadi 4, au jela.