Sosiot: Kibuyu Kinachovishwa Shanga

Kutoka mjini Kericho, panda matatu ya barabara ya Kisumu hadi Kapsoit, kisha ushike ile ya Sondu, upande wa kushoto, hadi Sosiot. Chai itakusindikiza. Toka mapema, maana mvua ya huku hupenda kunyesha alasiri, na shanga hutazamwa vizuri juani.

Wageni wengi huulizia bangili na mikufu. Mimi nakushauri uulizie sotet, kibuyu cha mursik, yaani maziwa ya mgando, kwa sababu pambo bora la Wakipsigis wa huku mara nyingi halivaliwi shingoni; huvishwa kibuyu. Hata neno sosiot lina makao humo: ndilo jina la kijiti cha mkindu chenye ncha iliyochambuliwa kama brashi, cha kusugulia mkaa wa mti wa senetwet ndani ya kibuyu kabla ya kutiwa maziwa.

Vibuyu vya kila siku huachwa bila mapambo. Vya koito, sherehe ya mahari, na vya kuwapokea wanariadha wanaorudi na medali ndivyo huvishwa: kifuniko cha ngozi, ukanda wa kubebea, safu za shanga na pengine kauri, ambazo zimesafiri kutoka bahari ya Hindi. Shanga nyingi nzuri za kioo hutengenezwa Cheki. Thamani basi haimo kwenye shanga yenyewe, imo mkononi mwa mama aliyeishona. Waetruski wa Italia ya kale walipachika juu ya dhahabu chembe ndogo kuliko punje ya wimbi, na hadi leo watu huzishangaa kwa jinsi zilivyokaa sawa. Hapa pia tazama hivyo hivyo.

Geuza ngozi, uangalie upande wa ndani. Mishono iwe mifupi, imekazwa, bila uzi unaoning'inia. Pitisha kidole juu ya safu: shanga zisiteleze, na rangi zinapokutana pasiwe na pengo. Kisha nusa mdomo wa kibuyu. Kilichotumika hunukia moshi. Kisichonukia kitu kilitengenezwa kwa ajili ya rafu tu, na bei yake iwe ndogo.

Ukimkuta mzee wa kike, msalimie “Chamgei, kogo” kabla ya kutaja bei, na usimharakishe kuhesabu shanga zake. Usikate bei hadi nusu. Kushona ukanda mmoja huchukua siku kadhaa. Ukishalipa, sema “Kongoi”, na ukifunge kibuyu kwa leso ndani ya mkoba wa mkononi. Kwenye buti la matatu hupasuka.