Chumba cha Mgeni

Mgeni akija twafagia ua, twatandika kitanda, twateka maji. Je, twatazama na ukutani pia? Tujifunze neno hili katika habari za jumba la wafalme wa Uingereza.

Mwezi wa Aprili 1855 Malkia Victoria alimngojea Napoleon wa Tatu, Kaisari wa Ufaransa, pamoja na mkewe Eugénie, katika jumba la Windsor. Wakati ule mataifa yao yalikuwa yameungana kupigana na Warusi. Lakini miaka 40 nyuma walikuwa adui: tarehe 18 Juni 1815, huko Waterloo, Waingereza na Waprusi walimshinda Napoleon wa Kwanza, baba mkubwa wa mgeni huyu.

Basi vyumba vikatengenezwa. Kitanda kikatiwa mapazia ya zambarau na kijani, rangi za Kaisari, na herufi za majina ya wageni zikadariziwa. Likabaki jambo gumu: ukumbi mkubwa uliitwa Ukumbi wa Waterloo, nao ulijaa picha za wale walioshinda. Kwa siku zile ukapewa jina jingine. Tarehe 17 Aprili ikafanywa dansi humo, na Malkia akacheza na Kaisari. Mwenyewe aliona ajabu, maana babu yake, Mfalme George wa Tatu, alikuwa adui wa Napoleon yule. Agosti mwaka ule ule Malkia naye akaenda Paris, akalizuru kaburi la Napoleon wa Kwanza.

Je, kubadili jina ni uongo? Sivyo. Hakuna aliyekana vita, wala mgeni hakuwa mjinga wa habari zile. Mwenyeji alikataa tu kumkumbusha kushindwa kwa jamaa yake wakati wa kumkaribisha.

Sisi wa Holili twakaa mpakani. Kati ya 1914 na 1916 Wadachi na Waingereza walipigania Taveta na kilima cha Salaita, ng'ambo yetu tu, na leo twapokeana wageni. Hata nyumbani ni vivyo hivyo. Shemeji uliyemshinda barazani kwa neno la kihamba akija kukuamkia, usimwekee kiti mahali pa kuutazama mpaka ule. Mgeuzie kiti, kisha umpe chakula.

Maswali:
1. Kwa nini kitanda kizuri hakikutosha peke yake?
2. Nyumbani mwako kuna kitu gani kiwezacho kumwumiza mgeni, nawe umekwisha kukizoea?