Uso wa bibi harusi uko gizani, shela inaungua

Swali: Napiga picha za harusi. Nikiangaza uso wa bibi harusi kwenye Photoshop, shela nayo inaungua. Nikirekebisha kwa kifutio, kesho yake siwezi kurudi nyuma. Nifanyeje?

Jibu: Achana na kifutio. Kinachofutwa na faili ikafungwa, kimekwenda. Maski huficha tu, na kilichofichwa hurudi ukitaka.

Usiguse picha ya asili. Juu yake ongeza leya ya marekebisho ya Curves, vuta mstari juu katikati mpaka uso ukae sawa. Picha nzima itang'aa, shela ikiwemo, usijali. Leya hiyo huja na maski nyeupe, na nyeupe maana yake onyesha, nyeusi maana yake ficha. Bonyeza Ctrl+I igeuke nyeusi, mwanga wote utatoweka. Sasa chukua brashi laini yenye rangi nyeupe, Flow iwe kama asilimia 15, upake usoni kidogo kidogo. Ukivuka hadi kwenye shela, bonyeza X upate nyeusi, uipake.

Kosa ninaloliona kila mara ni kupaka picha badala ya maski: ghafla bibi harusi ana doa jeupe shavuni! Kabla ya kupaka, bofya kijipicha cha maski kwenye paneli ya leya, kizungukwe na fremu.

Hifadhi kwa PSD. JPEG ni ya mteja, haibebi leya.