MZEE ANAPOSAHAU MAMBO YA LEO

Leo tujifunze habari za ubongo.

Wako wazee wanaoweza kukueleza vizuri mambo ya ujana wao, nani alihamia wapi, nani alimwoa nani. Lakini uji wamekunywa asubuhi, na saa nne wanauliza mbona hawajapewa uji! Watu hucheka. Wengine hunong'ona eti bibi huyu ni mchawi, uchawi umemgeukia. Maneno hayo siyo mchezo. Wako akina bibi waliopigwa, hata kuuawa, kwa sababu ya maneno kama hayo. Sisi tunasema huo unaweza kuwa ugonjwa. Unaitwa ugonjwa wa Alzheimer.

Jina ni la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer. Mwaka 1901, mjini Frankfurt, alimpokea mama wa miaka 51 aliyekuwa akisahau sana. Akiambiwa aandike jina lake, hawezi kulimaliza. Mama huyo alifariki mwaka 1906. Daktari akaupima ubongo wake kwa hadubini. Akakuta umesinyaa. Akaona mabonge ya uchafu kati ya chembe za ubongo, na ndani ya chembe nyuzi zilizosokotana. Chembe za namna hiyo hushindwa kupelekeana habari, mwisho hufa.

Sasa, kwa nini ya zamani yabaki na ya leo yapotee? Ndani ya ubongo, usawa wa masikio, kuna sehemu ndogo, moja kila upande. Kazi yake ni kama ya karani wa ghala la ushirika: kila gunia linaloingia, yeye huliandika. Sehemu hii huharibika mapema. Karani akiugua, magunia ya zamani yamo, ila ya leo hayaandikwi. Na uharibifu huo huanza kimya kimya, pengine miaka 20 kabla watu hawajatambua.

Kusahau jembe ulipoliweka, halafu ukakumbuka, huo ni uzee tu. Lakini akipotea njia ya kisimani aliyoizoea, au chenji ikamshinda kuhesabu, mpelekeni hospitali. Dawa ya kuuponya ugonjwa huu haijapatikana. Ila yako magonjwa mengine yanayofanana nao, nayo yanatibika. Na aliyechanganyikiwa ghafla, kwa siku moja au mbili, asingoje hata kidogo.

Afuatane na mtu anayeishi naye, maana yeye mwenyewe hataweza kueleza lini alianza kusahau.