Kompyuta Zinapozimika kwa Pamoja: Somo la Kutafuta Chanzo



Somo letu la leo ni la Mantiki, ila mfano wake unatoka ofisini. Kompyuta nyingi za kazini zikizimika kwa wakati mmoja, tufuate njia gani ili kujua chanzo halisi?

Mara nyingi lawama hutangulia uchunguzi. Hapa Kidatu, ambako maji ya Mto Ruaha Mkuu yanazungusha mitambo ya umeme tangu 1975, wa kwanza kulaumiwa bado ni umeme. Kisha tunalaumu virusi. Mwisho tunamlaumu mtu: yule kijana aliyeonekana jana akichomeka flashi. Anaweza kupoteza kibarua kwa jambo asilolifanya.

Tukio la kujifunzia

Ijumaa, 19 Julai 2024, kompyuta zinazotumia Windows zilizimika katika nchi nyingi. Kila zilipojiwasha, zilionyesha skrini ya bluu na kuzimika tena. Safari nyingi za ndege zilifutwa, na baadhi ya hospitali zikarudi kuandika kwenye karatasi. Microsoft ilikadiria kuwa kompyuta milioni 8.5 ziliathirika, nazo hazikufika asilimia 1 ya kompyuta zote zenye Windows. Watu wengi walidhani ni kazi ya wadukuzi.

Mwaka 1843 mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill alieleza njia tano za kutafuta chanzo. Mbili zinatutosha leo.

1. Njia ya ufanano: zilizozimika zina nini kwa pamoja?

Kompyuta zile zilikuwa za watengenezaji mbalimbali, katika nchi mbalimbali, zikifanya kazi mbalimbali. Kwa hiyo umeme wa mahali fulani au uzembe wa karani mmoja hauwezi kuwa chanzo. Zilifanana katika mambo mawili: zote zilitumia Windows, na zote zilikuwa na programu ya ulinzi ya kampuni ya CrowdStrike.

2. Njia ya tofauti: zipi hazikuzimika, na kwa nini?

Swali hili husahauliwa, kwa sababu kompyuta nzima haimlalamikii mtu. Kompyuta za Mac na Linux zenye ulinzi wa CrowdStrike hazikuguswa. Hata baadhi ya zile za Windows zenye ulinzi huohuo zilisalimika. Tofauti ilikuwa nini? Kampuni ilituma faili jipya saa 1:09 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, ikalirekebisha saa 2:27. Kompyuta iliyokuwa imezimwa muda huo, ikawashwa baadaye, haikulipokea faili bovu. Hapo mshukiwa akajulikana.

3. Je, "baada ya" ni "kwa sababu ya"?

Wanamantiki huliita kosa hili *post hoc ergo propter hoc*: kudhani kwamba kilichotangulia ndicho kilichosababisha. Ili tulikwepe, tueleze pia chanzo kilifanyaje kazi.

Ripoti ya CrowdStrike ya 6 Agosti 2024 ilieleza hivi. Faili lilihitaji taarifa 21, lakini programu iliandaa 20 tu. Ilipoitafuta ya 21, ilisoma sehemu ya kumbukumbu isiyoruhusiwa. Kwa kuwa programu hiyo hufanya kazi ndani ya kiini cha mfumo, ilianguka na kompyuta nzima. Kasoro hiyo ilikuwa imelala kwa miezi, maana mafaili yaliyotangulia hayakuihitaji taarifa ya 21. Tena, kifaa cha ukaguzi kiliyapitisha makosa hayo, na faili likatumwa kote bila kujaribiwa kwanza kwa kompyuta chache.

Basi aliyegusa mwisho si lazima awe chanzo. Nyuma yake huweza kuwapo sababu kadhaa zilizosubiri kukutana.

Tufanye nini ofisini?

Tuseme ofisi ina kompyuta kumi, na nne zimezimika. Andika zote kumi kwenye jedwali: saa ya kuzimika, programu zilizosasishwa, vifaa vilivyochomekwa, waya wa umeme zinaoutumia. Ikiwa tunasema ni umeme, mbona sita zilizo kwenye waya huohuo zinafanya kazi? Ukishapata mshukiwa, badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja. Ukibadilisha matatu kwa pamoja, kompyuta inaweza kupona nawe usijue dawa ilikuwa ipi.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki (na. 2477) inataja hukumu ya haraka kuwa kosa dhidi ya heshima ya jirani. Kwa hiyo jedwali lile ni zaidi ya kazi ya fundi: ni haki ya yule kijana wa flashi.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini kuchunguza kompyuta zilizozimika peke yake hakutoshi?
2. Toa mfano wa *post hoc* kutoka nyumbani au kazini kwako.
3. Ni lini ulisikia mtu akilaumiwa kwa sababu tu alikuwa wa mwisho kugusa? Ushahidi gani ulikosekana?